Nimeondolewa kwenye uzee wa kanisa. Sasa nimtumikie Mungu kwa lipi?

Barua

Bwana Yesu asifiwe, mshauri.

Nina miaka 67, ni mstaafu wa serikali, naishi Tabata na mke wangu. Ni Mlutheri tangu kubatizwa, na kwa karibu miaka 30 nimekuwa mzee wa kanisa katika usharika wetu hapa Dar es Salaam. Tulianza tukiwa mtaa, yaani tawi dogo la usharika, tukisali chini ya mwembe, hatuna hata choo. Mimi na wenzangu wawili, ambao sasa ni marehemu, ndio tuliozunguka kutafuta kiwanja, tukaandikishana na muuzaji mbele ya mjumbe na serikali ya mtaa. Nikawa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi tangu msingi hadi paa. Harambee nimezisimamia. Mnada wa mazao baada ya ibada mara nyingi nimeunadi kwa sauti yangu mwenyewe. Nimekosa misiba ya ndugu zangu kwa ajili ya vikao, na kuna mwaka niliuza ng'ombe wangu nyumbani ili mabati yapatikane kabla ya masika.

Siku ya kipaimara changu, nikiwa kijana huko kwetu Upare, nilimwahidi Mungu kwamba nitamtumikia maisha yangu yote. Ahadi ile sijawahi kuifanyia mchezo.

Katika uchaguzi wa wazee uliopita, jina langu halikurudi. Mchungaji wetu ni mgeni na ni kijana, alishasema mapema kwamba usharika unahitaji damu changa. Jumapili ya kuwabariki wazee wapya, sisi wa zamani tulikaa kwenye mabenchi kama watu waliopita njia. Hakuna aliyetutaja, wala asante. Nilitoka kabla ya matangazo.

Tangu hapo mambo yanakwenda bila mimi. Wameleta projekta, wameondoa mabenchi ya mbele wakaweka spika. Nasikia kamati mpya inataka kujenga ukumbi na kupima upya mipaka ya kiwanja. Hawajaniuliza kitu. Faili lote la kiwanja, mkataba wa mauziano, mikataba ya mafundi na stakabadhi, viko kabatini kwangu. Nimesema moyoni, wakivihitaji watakuja.

Afya nayo imelegea. Nina kisukari, magoti yananisumbua, na macho yanaona ukungu. Mwezi uliopita nilipangiwa kusoma somo ibadani, nikakwama katikati, kijana mmoja akapanda kunimalizia. Niliona aibu mbele ya kanisa niliyoijenga. Nimejiuliza kama ndiyo Mungu mwenyewe ananiambia basi, inatosha.

Kuna huduma moja hapa jirani. Mtumishi wake ananifahamu, ameniambia nikihamia kwake atanipa uzee siku hiyohiyo na kiti cha mbele. Mke wangu hataki kusikia. Anasema miaka yote hii amekwenda jumuiyani peke yake, na wale ndio watu wake, hawezi kuwaacha uzeeni. Mwanangu wa kwanza, anayekaa Ubungo, siku hizi hasali popote, lakini hilo ni jambo jingine.

Nisaidie. Mtu aliyeahidi kumtumikia Mungu maisha yake yote, akinyang'anywa kazi na mwili nao ukimgomea, anatimizaje ahadi hiyo?

Mzee wa Tabata

Jibu

Shikamoo, baba. Amina.

Nianze na usharika wenu, kwa sababu wamekosa. Mtu aliyewatafutia kiwanja, akauza ng'ombe ili wasinyeshewe, hapaswi kuondoka kwenye nafasi yake bila hata jina lake kutamkwa. Paulo aliwaandikia Wathesalonike wawatambue wanaojitaabisha kwa ajili yao, wawastahi sana katika upendo kwa ajili ya kazi yao (1 Wathesalonike 5:12-13). Agizo hilo halina kipengele cha kwamba limekwisha uchaguzi ukipita. Mchungaji akiwa mgeni, baraza lililobaki lilijua historia, lingemwambia. Na wachungaji wanaosoma safu hii, nawaomba sana: wazee wanaomaliza muda waiteni mbele, waombeeni, washukuruni kwa majina. Inachukua dakika chache tu na inaokoa mioyo ya watu.

Kwa hiyo, baba, uchungu wako una sababu. Sasa naomba uniruhusu niseme na yale ambayo huenda hayatakupendeza.

Fungua Hesabu 8, aya nne za mwisho. Mungu anampa Musa utaratibu wa Walawi, kabila lililohudumia hema la ibada: waanze kazi ya hema wakiwa na miaka 25, na wakifika 50 waikome. Kazi yenyewe ilikuwa ya mabega na mgongo. Wana wa Merari walihamisha mbao, nguzo na vitako vyake, na wana wa Kohathi walibeba vyombo vitakatifu begani, hawakupewa hata magari ya ng'ombe. Ukifika 50, mzigo unapewa mwingine. Lakini aya ya 26 inasema Mlawi huyo ataendelea pamoja na ndugu zake katika hema, kulinda ulinzi. Hakufukuzwa kambini, wala hakuhamia kabila jingine lililomwahidi nguzo za kubeba. Alibaki palepale, akilinda, huku vijana wakibeba alichokibeba yeye jana.

Na aliyeambiwa maneno hayo, Musa, alikuwa amevuka miaka 80, maana Kutoka 7:7 inasema alikuwa na 80 aliposimama mbele ya Farao. Mungu yuleyule aliyewapumzisha Walawi wakifika miaka 50 alikuwa amemwita Musa akiwa mzee kuliko wewe. Ndiyo maana siwezi kukubaliana nawe kwamba kuondolewa kwenye baraza, au macho kuona ukungu, ni Mungu anakwambia basi. Anachokisema kwa Walawi ni kwamba mzigo huu sasa ni wa wengine. Kuhusu mtu mwenyewe hajasema amemalizana naye.

Nimeitafakari pia ahadi yako ya kipaimara. Ulipoitoa hukuwa na cheo chochote. Hukuwa na kamati wala muhuri, na bado ilikuwa ahadi kamili, na Mungu aliipokea. Uzee wa kanisa ulikuja baadaye, ukakaa juu ya ahadi hiyo kwa karibu miaka 30, na polepole ukaichukulia nafasi yake mpaka leo huoni tena ahadi, unaona kiti. Si wewe peke yako. Nimewaona akina mama wa kwaya, wainjilisti, hata wachungaji wastaafu, wanaokosa usingizi kwa sababu hawajui wao ni nani Jumapili wasipovaa joho.

Katika nchi hii tuna mfano mmoja ninaoupenda. Mwalimu Nyerere aliacha urais mwaka 1985. Alikuwa Mkatoliki, mtu wa misa hata siku za kazi. Baada ya kuachia Ikulu alikaa chini akazitia Injili katika utenzi wa Kiswahili, zikachapishwa mwaka 1996. Na alipofariki Oktoba 1999 alikuwa bado msuluhishi wa mazungumzo ya amani ya Burundi, anawakalisha watu mezani Arusha. Sidhani kama rais mwenye nchi ya kuendesha angepata muda wa kutafuta vina vya Injili ya Luka. Kazi hiyo ilikuwa inasubiri aondoke kwenye kiti.

Sasa nije kwenye faili. Baba, hapa nitakuwa mkali kidogo, na nitasema kama binti yako. Lile faili lirudishe wiki hii.

Unajua kuliko mimi viwanja vya Dar vilivyo. Mipaka inasogezwa usiku, muuzaji akifariki watoto wake wanakuja na karatasi nyingine, wajumbe wanabadilika, na mashahidi wako wawili umeniambia wameshatangulia. Ukianguka kesho na kisukari chako, watoto wako watalitupa kabati bila kujua lina nini, au usharika utakwenda kwenye baraza la ardhi mikono mitupu. Kiwanja ulichokitafuta kwa miguu yako kitapotea kwa sababu wewe ulikuwa unasubiri kuombwa. Ardhi ya kanisa haipaswi kukaa chini ya kitanda cha mtu yeyote, hata mtu mwaminifu kama wewe. Iko chini ya wadhamini waliosajiliwa, na nyaraka zake ni za ofisi ya usharika na dayosisi.

Toa nakala zote. Andika kwa mkono wako, au umwambie mjukuu aandike ukimtajia, historia ya kiwanja: nani aliuza, nani walikuwepo, jiwe la mpaka liko wapi, jirani wa upande upi aliwahi kulalamika. Kisha nenda kwa mchungaji siku ya kazi, mkabidhiane mbele ya katibu, msaini wote. Mwambie, "Mchungaji, najua mnataka kupima, naomba niwaonyeshe mipaka." Huo ndio ulinzi wa Mlawi wa miaka 50. Hakuna kijana katika usharika wenu anayeweza kuufanya badala yako. Na ukiwa hapo ofisini, mwambie pia kwa upole kwamba iliwauma kutotajwa. Mwambie yeye mwenyewe, usiwaambie watu nje ya geti.

Halafu kuna sentensi yako moja ambayo nimeirudia mara nyingi. Umeandika kwamba mwanao hasali tena, "lakini hilo ni jambo jingine." Baba, kwangu hilo ndilo jambo lenyewe. Kamati ya ujenzi umeieleza kwa kirefu, mtoto amepata nusu ya mstari, na mama watoto ametokea pale tu alipokukatalia.

Msome Eli. Huyu alikuwa mtumishi wa hema Shilo, akawaamua Israeli miaka 40. Biblia haifichi kwamba wanawe walipotea akiwa kazini, wala haifichi kwamba Mungu alimhukumu kwa kutowazuia. Ni habari nzito, na siiweki mbele yako ili ikuponde, maana wana wa Eli walikuwa makuhani wanaopora sadaka, na mwanao ni mtu aliyekaa mbali na kanisa, kesi si moja. Nakuonyesha sura ya 3 ya kitabu cha 1 Samweli. Macho ya Eli yameanza kupofuka, hawezi kuona, amelala mahali pake. Samweli mtoto anaitwa usiku, anamkimbilia yeye. Mara ya kwanza Eli anamrudisha kulala. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu anatambua kwamba ni Bwana anayemwita mtoto, akamfundisha la kujibu: "Nena, Bwana, kwa kuwa mtumishi wako anasikia." Nabii mkubwa wa Israeli alijifunza sauti ya Mungu kutoka kwa mzee asiyeona, ambaye huduma yake rasmi ilikuwa inaelekea ukingoni. Na asubuhi yake, Eli huyohuyo akamlazimisha kijana amwambie ujumbe wote, hata ulipokuwa dhidi yake mwenyewe. Akaupokea.

Hicho ndicho ninachokuomba kwa mwanao. Nenda Ubungo. Usibebe Biblia kwapani, usimpeleke mchungaji, usianze na "kwa nini husali." Nenda ule naye, ukae na wajukuu kama wapo, na siku itakayofaa umwombe akwambie ilikuwaje kukua katika nyumba ambayo baba alikuwa kwenye vikao. Simjui, siwezi kusema ndicho kilichomwondoa. Lakini nimesikia watu wazima wengi wakisema kanisa kwao lilikuwa kitu kilichomchukua baba kila jioni. Akikwambia hivyo, usimjibu kwa kumtajia paa. Msikilize mpaka mwisho kama Eli alivyomsikiliza Samweli. Ikikupasa kuomba msamaha, mwombe. Kisha mwombee kwa jina kila siku, na yeye ajue kwamba unamwombea.

Mama naye. Wiki hii, siku ya jumuiya, vaa viatu utoke naye. Kaa kwenye kigoda au mkeka kama mshirika, mwache mwenyekiti wa jumuiya aongoze hata akikosea namba ya wimbo. Najua itakuwa ngumu kwa mtu aliyezoea kufungua kikao, ila hapo ndipo wanapojulikana wagonjwa wa mtaa, mjane anayedaiwa kodi, binti aliyeacha shule. Mke wako amewajua miaka yote. Mwombe akutambulishe.

Kazi utazipata nyingi mno, nakuahidi. Magoti yakikubali, wapo wagonjwa wanaoletwa hospitali ya saratani ya Ocean Road kutoka Kigoma, kutoka Songea, wanakaa wiki nyingi katika jiji ambalo hawamjui mtu. Kumsalimia mmoja, kumpelekea uji, kumsomea zaburi uliyoikariri tangu mafundisho ya kipaimara, hakuhitaji barua ya baraza. Magoti yakikataa, una simu. Wale marehemu wenzako wawili wameacha wajane. Nani huwapigia? Na kama hata simu inakuchosha, kumbuka Ana wa Luka 2, mjane wa miaka 84. Hakuwa na nafasi yoyote hekaluni ila kufunga na kuomba, na bado ni miongoni mwa wachache waliomtambua Mtoto alipoletwa.

Tafuta pia kijana mmoja kati ya hao wazee wapya, mmoja tu. Barzilai Mgileadi, akiwa na miaka 80, alimlisha mfalme Daudi na watu wake walipokuwa Mahanaimu. Daudi alipomwita aje Yerusalemu akae mezani kwake, alikataa: nimezeeka, siwezi tena kuonja ninachokula wala kusikia sauti za waimbaji. Badala yake akamtoa kijana Kimhamu aende (2 Samweli 19). Hakumnung'unikia kijana kwa kukaa kwenye kiti ambacho yeye angekalia. Wewe unajua namna ya kumbembeleza fundi amalize kazi fedha ikichelewa, unajua nani katika usharika hutoa kimyakimya na nani huahidi kwa kipaza sauti. Hayo hayapo kwenye projekta. Mtu wa kumfundisha ni yuleyule, pengine, aliyepanda kukumalizia somo. Wewe umeona aibu, mimi nimeona kijana aliyemkimbilia mzee wake asikwame peke yake mbele ya watu. Hukunieleza kama ulimshukuru.

Kuhusu ile huduma ya jirani, sitaihukumu, sijui mafundisho yake. Naangalia tu alichokupa huyo mtumishi: uzee siku hiyohiyo na kiti cha mbele. Hajakuuliza habari za imani yako wala mkeo. Kama ungekuwa umeshawishika na Neno ukaona kweli pale, ningesema nenda ukaombe. Lakini unakwenda kwa ajili ya kiti, na hata hicho siku moja watamhitaji kijana wa kukikalia, utaanza tena safari ukiwa na miaka 75. Baki. Kaa benchi la tatu karibu na mke wako, imba, toa bahasha yako kama kawaida, shiriki meza ya Bwana.

La mwisho ni macho. Umelihesabu kama ujumbe wa Mungu kabla daktari hajaliangalia. Kisukari huharibu mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho, na pia huharakisha mtoto wa jicho, na vyote viwili vina tiba, hasa vikiwahiwa. Mwenye kisukari anatakiwa kupimwa macho kila mwaka hata kama anaona vizuri. Nenda kliniki yako ya kisukari uombe rufaa, hospitali ya Muhimbili au ya CCBRT pale Msasani, na kama una kadi ya bima ya wastaafu nenda nayo. Wakati unasubiri, mwambie mjukuu akuwekee kwenye simu Biblia ya kusikiliza, ipo ya Kiswahili, uanze na Hesabu 8. Na ukipangiwa tena kusoma ibadani kabla macho hayajatengemaa, mwambie katibu mapema akupe sala ya kanisa badala ya somo. Hiyo unaweza kuiomba bila karatasi.